Mara Mia Tisa na Kumi na Mbili

Kamati inataka jumla kabla ya saa sita.
Nimeketi na faili la Vilmos Harkányi,
kitivo cha uhandisi wa mitambo, Miskolc, ghorofa ya pili,
dirishani theluji ya juzi imeshakuwa tope,
na fomu inanihoji kama karani wa forodha:
Makala ngapi? Majarida gani?
Amenukuliwa mara ngapi, na nani?

Makala arobaini na moja.
Karibu zote ni za beringi,
zile gololi ndani ya pete ya chuma
zinazobeba shafti usiku kucha
na hazikumbukwi mpaka siku zinapolia.

Ya kwanza aliiandika bado ana nywele.
Aliizungusha gololi moja miezi kumi na saba,
mashine ikinguruma chini ya ngazi,
Ilka mkewe akimletea supu kwenye chupa ya chai
na kulalamika kwamba mngurumo ule
unamfuata hadi kwenye mto wa kulalia.
Alikuwa akisubiri ufa
mwembamba kuliko unywele wa mtoto,
na alipouona, aliniambia, hakushangilia.
Alikaa sakafuni.
Imenukuliwa mara mbili:
mara moja na yeye mwenyewe,
mara moja na mwanafunzi wake, kwa adabu.

Halafu kuna hii. Kurasa sita,
aliibandika bandika kwa wiki mbili za Agosti
kwa kuwa ruzuku ilikuwa inakata roho.
Jedwali moja la grisi na joto.
Mia tisa na kumi na mbili.
Wameinukuu Busan, wameinukuu Porto Alegre,
wameinukuu watu wa mitambo ya upepo,
hata mmoja wa meno ya bandia, Mungu anajua kwa nini.
Grafu yake inapanda
kama moshi siku isiyo na upepo.

Nami najua jambo ambalo fomu haina safu yake:
ukurasa wa nne, mstari wa tisa,
nukta imekaa pasipo pake.
Imeandikwa tatu nukta sita.
Ni sifuri nukta tatu sita.

Kibaya chajitembeza,
na hiki kilipewa hadi pasipoti.

Aliyeona ni mmoja. Terézia Omastová,
fundi wa kiwanda cha karatasi ng'ambo ya mpaka.
Barua yake ya mkono ilikuwa na doa la mafuta pembeni:
*Nilifuata namba yako, beringi ikaungua.
Nikapima mwenyewe, Jumapili tatu.
Nadhani nukta imehama. Uniwie radhi kama nimekosea.*

Aliisoma amesimama, hapa, kwenye meza yangu.
Masikio yakamwiva.
Kisha akauliza bahasha zinawekwa wapi.

Masahihisho yalichapishwa: aya mbili,
jina la fundi mbele, lake nyuma.
Miaka minane sasa. Yamenukuliwa: sifuri.
Na katika ile mia tisa na kumi na mbili,
mia sita zimekuja baada yake,
mtu akinakili kwa aliyenakili,
mwangwi ukiuliza njia kwa mwangwi.

Saa tano na nusu anachungulia mlangoni,
viatu vinachuruzika maji.
"Umeyaweka yale masahihisho?"
Namwambia mfumo hauyahesabu kuwa makala.
"Yaweke."
Namwambia yatashusha wastani wako, Vilmos,
sifuri ni sifuri, na kamati wanapenda wastani.
Anatazama tope lililoko nje,
anafuta miwani kwa ncha ya sweta
kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.
"Yaweke ya kwanza," anasema,
na anashuka ngazi kwenda kwa mashine yake.

Nafuta arobaini na moja.
Naandika arobaini na mbili.
Kisanduku kinageuka chekundu.
Naandika tena.