Kilo Ishirini na Tatu

Begi tumeliazima kwa Sonun, mke wa mwalimu wa hesabu.
Gurudumu moja limelegea, linalia kama mwanakondoo
kila ukilivuta kwenye sakafu ya mbao.
Nimelipaka mafuta ya mkia wa kondoo. Bado linalia.
"Liache," unasema, "niendako
nitataka kusikia sauti ninayoijua."

Tumelipima kwa mzani wa zizini,
ule wa ndoana, wa kupimia sufu msimu wa kunyoa.
Kilo thelathini na moja.
Ukatoa mtungi wa asali. Ukatoa buti.
Ukarudisha asali.
Ukatoa blanketi la mjukuu ulilolishona majira yote ya baridi,
ukalinusa, ukalikunja upya, ukalirudisha,
kisha ukatoa nguo zako zote, zikabaki mbili.
"Nguo Busan zipo, Toktosun. Kurut hakuna."
Na vile vidonge vya mtindi mkavu, vigumu kama kokoto za Naryn,
ukavichomeka kila penye upenyo,
hadi ndani ya soksi.

Fomu ilitukesha.
Tarehe ya kuzaliwa: mama yako alijua tu
kwamba theluji ilikuwa imeziba njia ya mlimani;
karani wa enzi zile akakuandikia Januari mosi,
kama alivyowaandikia nusu ya kijiji.
Umewahi kusafiri ng'ambo? Hapana.
Madhumuni ya safari?

Hapo ukashika kalamu kama anayeshika sindano ya chanjo.
Ulitaka kuyaandika yote:
kwamba Nurzat amejifungua kwa kisu,
kwamba akipiga simu sauti humkatika, anasingizia mafua,
kwamba mtoto ana siku ishirini na hakuna wa kwetu
aliyemwimbia, aliyemkanda, aliyemwambia yeye ni wa nani.
Nafasi yenyewe ilikuwa fupi kama kidole gumba.
Ukaandika: *Kutembelea.*

Mpiga picha alikukataza kutabasamu.
Miaka thelathini na minane ya ndoa
sijawahi kuiona sura ile,
sura ya mtu anayekwenda kudai chake.
Picha moja ilizidi. Ninayo mfukoni. Hujui.

Viatu vipya unavivaa ukikamua, ili vikuzoee.
Jana, jikoni, umejifunga kitini kwa mkanda wangu wa suruali,
mikono magotini, macho umefumba.
"Sasa tupo juu ya nini?"
"Juu ya Uchina," nikasema, nikimimina chai.
"Na sasa?"
Nikasita. "Bahari."
Ukaniuliza inanukaje.
Sisi ambao maji yetu yote yanatokea barafuni
na kuishia mchangani, nikujibuje?
Nikasema: kama jiwe la chumvi la ng'ombe
mvua ikishalinyeshea.
Ukavuta pumzi, ukaniamini,
na suruali yangu ikiniteleza kiunoni.

Umeniachia maagizo ukutani:
yule mweusi hatoi maziwa bila kusemeshwa,
dawa ya presha asubuhi, si nikikumbuka,
na nisimpigie simu Nurzat kumwuliza kama umefika,
utafika.

Usiku huu mzani unasema ishirini na tatu na nusu.
Nusu kilo, Kalipa. Tumekaa tukilitazama begi
kama wazazi wanaotazama mtoto mwenye homa.
Nikasema asali.
Ukasema heri uache viatu.

Gari la Bishkek limepiga honi saa kumi alfajiri.
Nimekushikia mkate mlangoni, kama desturi,
ukauma mara moja, upande wa ganda,
ukatafuna ukishuka ngazi, begi likilia nyuma yako.
Masalio nimeyatundika msumarini juu ya jiko,
yenye alama za meno yako, na lile pengo la kushoto.
Hayaliwi mpaka mwenyewe arudi.

Zizini nimemkuta yule mweusi ananitazama.
Sikujua pa kuanzia.
Nikamwambia: yupo juu ya Uchina.