Vitabu vya Mtu Baki

Chumba cha chini, nyumbani kwa Marit Aune,
mjini Duluth, Januari,
theluji imeziba nusu ya dirisha.
Vitabu vya kampuni vina rafu yao:
jalada gumu, mgongo wa dhahabu,
bei ya jozi ya viatu.
Hivyo tumeshavimeza.
Taja zimwi lolote, Arvid Kettunen atakupa
pointi zake za uhai, udhaifu wake, na ukurasa,
kabla hujafumba mdomo.
Joka gani litamtisha mtu
aliyelihesabu meno?

Ndiyo maana chini ya ngazi, katika boksi la ndizi,
Marit anaweka vile vingine.
Vya watu baki, asema,
ambao kampuni haikuwaalika
wala haikuwafukuza.

Kimoja kimebanwa kwa pini mbili za kutu.
Mtunzi ni fundi bomba wa Saskatoon:
kurasa thelathini za mashimo tu,
na jinsi maji yanavyopanda mtu akiwa ndani.
Kingine cha ndugu wawili wasiosemezana;
sheria ya sura ya tatu
inaikata kauli sheria ya sura ya pili,
na hapo katikati wachezaji tunaokota vipande.
Kingine kina kosa la chapa:
mbuzi wa kawaida, uhai mia tisa,
palipotakiwa tisa.
Corrine alimpiga teke mbuzi huyo mara moja.
Tangu siku hiyo, sisi mashujaa wa falme saba
tukikuta mbuzi njiani tunampisha
na kumwamkia.

Jumatano ile Marit alitoa kijitabu cha kijani,
dola nane, jina la mtunzi H. Laine, basi.
Akazima taa kubwa.
“Mmefika darajani. Kuna mtu amesimama.”
“Uhai wake?” Arvid akauliza.
Marit akafunika ukurasa kwa kiganja.
“Haukuandikwa.”
Kisha akasoma, polepole, kama anasoma barua ya mwingine:

Fedha zenu zifungeni, panga zenu nazo mbali,
Mimi hapa darajani, silewi, sili, silali,
Nani kabaki nyumbani, hamkumuaga kweli?
Tajeni jina, piteni, njia yenu ni halali.

Corrine alicheka kidogo, akaacha.
Mimi nilitazama mikono yangu,
weusi wa matairi haujatoka kwenye kucha.
Arvid akachukua dadu, ile ya pande ishirini,
akairusha bila kuambiwa.
Ikazunguka, ikagonga bakuli la bisi, ikatulia.
Ishirini.
Mwezi mzima hatukuwa tumeiona ishirini.

“Imeandikwa hapa,” Marit alisema,
“dadu haisaidii.”

Tanuri likanguruma nyuma ya ukuta, likanyamaza.
Tuna kiti cha tano pale mezani,
tunatundikia makoti.
Arvid alikitazama muda mrefu,
yeye mwenye jibu la kila ukurasa,
halafu akasema, “Reino.”

Hakuna shujaa wetu anayeitwa Reino.
Hakuna mfalme, hakuna mchawi.
Marit hakuuliza ni nani.
Alikuwepo siku ile mvua ya barafu
iliponyesha kwenye barabara ya kaskazini.
“Daraja liko wazi,” alisema, sauti imekwaruza,
nasi tukavuka mmoja mmoja,
vijisanamu vya bati juu ya karatasi ya miraba,
na Corrine, sijui kwa nini,
akamvusha na mbuzi.

Saa tano tulikuwa nje tukikwangua vioo vya magari.
Arvid alirudi mlangoni, kofia mkononi,
akaomba kile cha kijani, cha kusoma tu,
atakirudisha Jumatano.

Hii ni Machi. Meli za chuma zimeanza kutoka bandarini.
Hajakirudisha.
Marit hajamdai, nasi hatutaji.
Ila makoti siku hizi
tunayatundika kwenye msumari.