Usipige Msasa

Polepole, Doto. Hicho si shoka.
Kiingize kisu chini ya ukingo, kilaze
kama watu wa Mwaloni wanavyokilaza kwenye sangara:
nyama huku, mfupa kule,
na mfupa usijue kilichotokea.

Bi Nyangeta alitaka tumwage zege juu ya kila kitu,
tubandike malumalu za kung'aa, mtu ajione meno akiinama.
Nikamwomba siku moja
na kona moja tu, nyuma ya mlango.

Juu kabisa lilikuwa zulia la plastiki, maua ya kijani,
linanuka dagaa na mafuta ya taa.
Hilo tulilivua kama soksi.
Chini yake vigae vya kahawia, vidogo, vya zamani,
kila kimoja kimeng'ang'ania gundi nyeusi kama lami.
Hapo nikakusimamisha. Nikakuvalisha barakoa nzito,
ukacheka: Fundi Nkwimba, tunaenda kuiba benki?

Cheka. Fundi Lugwisha naye alicheka.
Yeye aliyenifundisha kuusoma ubao kwa kidole gumba
sakafu kama hizi alizikwangua kavu, kwa msasa wa mashine,
vumbi likimkaa kwenye nyusi kama unga wa muhogo.
Jioni maji usoni, basi, kazi imeisha.
Haikuisha.
Miaka ishirini baadaye, Bugando, wodi ya juu,
ziwa zima liko dirishani na upepo wake wote,
na yeye anaomba hewa.
Daktari alitaja jiwe lenye nyuzi.
Sikumwelewa. Sisi huku mawe tunayajua:
yamebebana mlimani, yanaota jua,
hayamfuati mtu kifuani.

Kwa hiyo lowesha. Maji, sabuni kidogo, subiri.
Zima feni. Usifagie.
Kigae kikikataa, weka taulo lililolowa, pitisha pasi juu yake,
kitalegea chenyewe, kama kiganja cha mtoto
aliyesinzia ameshika peremende.
Kikivunjika, kiloweshe tena.
Mfuko wa kwanza, mfuko wa pili, kamba.
Na yule kijana wa makopo usimpe hata kimoja,
hata akuapie kwa mama yake.

Saa nane, ubao wa kwanza.
Mweusi. Nikausugua kwa kitambaa chenye mafuta, nikausugua,
mpaka ukatoa rangi ya asali iliyokaa chunguni.
Mvule. Ulikuja kwa meli kutoka Bukoba, nadhani;
hajabaki mtu wa kuulizwa.
Halafu vishimo vinne, miguu ya cherehani,
na pembeni yake pamelainika, pamebonyea kidogo:
kisigino cha fundi nguo, miaka na miaka,
mguu mmoja kazini, mmoja umepumzika.
Ulivua kandambili, ukaweka kisigino chako pale.
Kikaenea.
Hukusema kitu, nami nikajifanya natafuta tambara.

Kona ya dirishani tumeipoteza. Mbao tatu:
mbili kwa mvua za masika yasiyohesabika,
mmoja kwa nyundo yako ya asubuhi.
Nimeshautaja. Sitautaja tena.

Bi Nyangeta alipopanda ngazi
alivua viatu mlangoni kabla hajaambiwa.
Akasimama kwenye ubao ule mmoja, miguu imebanana,
kama mtu aliye kwenye mtumbwi mwembamba.
Ya malumalu hakuyagusa.
Aliuliza mafuta ya kitani lita moja ni shilingi ngapi,
nikamtajia, akaguna, akashuka.

Basi kesho tuanzie upande wa roshani. Njoo na ndoo mbili.
Na Doto,
nguo hizo usiende nazo nyumbani.
Zivue hapahapa, zitumbukize majini.
Una mtoto
anayelala kifuani kwako ukifika tu.