Mkono Kwenye Mkanda

Kazi yangu ni mkono mmoja
kwenye mkanda wa suruali ya Wannes.
Yeye anarudi kinyumenyume, kamera begani,
jicho kwa Lowie anayetujia mbio.
Anaona tulikotoka.
Mimi naona tuendako.
Kidole kimoja mgongoni: kona, kushoto.
Viwili: kulia.
Kiganja kizima: shimo, ruka.
Kusema hakuna. Vinasa sauti vya hapa
vinasikia hata tumbo likilia njaa.

Handaki limechimbwa kwa urefu wa mazungumzo.
Tulilipima Januari, shamba la viazi likiwa tupu,
upepo wa Diksmuide ukitukata masikio.
Lowie alisoma barua huku anatembea;
alipofika "mama asiambiwe bado"
tukapigilia kigingi: hapa ukuta upinde.
Mwandishi akiongeza sentensi mbili,
wachimbaji huongeza mita tisa.

Februari koleo liligonga chuma.
Bi Godelieve, mwenye shamba, hakushtuka.
"Kila mwaka navuna viazi, kisha navuna hivyo,"
akaonyesha mlingoti wa umeme kando ya barabara,
ambako bomu la mwaka jana lilisubiri kuchukuliwa
kama debe la maziwa.
Wanajeshi wawili wakaja na sanduku la mchanga,
wakalibeba kama yai.
Chini yake palikuwa na buti.
Buti halikuwa tupu.

Wakaja wengine, wenye brashi na bahasha.
Handaki likapindishwa kupakwepa pale,
mita tatu zaidi, na mita tatu zilihitaji kitu.
Ndiyo maana kwenye kona ya nne
Lowie anainama kufunga kamba ya kiatu.
Katika hadithi hakuna sababu ya kufunga.

Aprili. Jua likawa adui.
Tulianza chini ya wingu, lazima tumalize chini ya wingu,
la sivyo dakika ya tano na ya sita
hazitakuwa za siku moja.
Watu mia tatu kwenye matope, shingo juu,
dalili ya mvua ikiwa kwetu dalili ya ujira.

Mara ya saba, kiberiti kiligoma.
Mara ya kumi na moja, maiti mmoja alipiga chafya.
"Kata!"
Wafu wakaamka, wakajikung'uta,
wakaulizana saa, wakagawana biskuti,
wakarudi kulala juu ya alama zao za chokaa,
kila mmoja kwenye kifo chake kilekile.

Mshono upo, nitakuambia ulipo.
Kuna blanketi mlangoni mwa shimo la kulala.
Lowie analipenya, kioo kinakuwa cheusi,
anatokea upande wa pili.
Aliingia Jumatano. Alitoka Ijumaa.
Katikati Wannes alifunga barafu magotini,
Lowie alimpigia mama yake kuhusu mbwa,
mvua ikanyesha, ikaisha.
Vita vinavyoonekana havikupumua
vililala usiku mbili hotelini.

Mara ya ishirini na tatu kila kitu kilikubali.
Kiberiti kiliwaka. Maiti walikufa vizuri.
Kona ya kwanza, kidole. Ya pili, viwili.
Ya nne: ubao mpya ukutani, mweupe kuliko wenzake,
ingawa waliupaka tope.
Mkono wangu ukafungua wenyewe,
kiganja kizima mgongoni kwa Wannes.
Hapakuwa na shimo.
Wannes akaruka.

Hakuniuliza hadi leo.
Nilikwenda kuitazama Ghent, safu ya nyuma, tiketi ya kununua.
Kwenye kona ya nne, Lowie akiwa ameinama,
picha inapanda kidogo, kama kifua, halafu inashuka.
Mwanamke aliyekaa mbele yangu
akavuta miguu yake chini ya kiti.