Magoti ya Komanda Majivu

Nimemkuta Birere, dukani kwa Bauma,
kati ya betri za redio na sabuni za vipande,
amefungwa nyaya sita ndani ya kasha jipya:
adui wa utoto wangu.
Wamemuumba upya.

Yule wa kwanza alitoka ndani ya balo la mitumba,
kajificha katika soksi ya mtoto tusiyemjua.
Rangi ya majivu, mkono mmoja hana.
Kasereka akamsokotea mwingine wa waya,
akampa na cheo papo hapo: Komanda.
Barakoa yake ilikuwa ndiyo uso wake,
na kifuani alikuwa na nembo, jino moja jeupe,
kubwa kama ukucha wa kidole gumba.

Jino hilo ndilo tulilolipenda.
Nani asingempenda adui
anayekuja na alama kifuani,
anayekutangazia toka mbali: mbaya ni mimi,
usihangaike kutafuta mwingine?

Mashujaa walikuwa vifuniko vya bia,
tukiwapanga juu ya makoro, hamsini, sitini,
wema wote, sawasawa wote, wanachosha.
Hakuna aliyelilia kuwa kifuniko.
Mimi kwa zamu moja ya Majivu
nilitoa sambaza zangu zote za mchana,
nikalamba chumvi iliyobaki kwenye sahani.

Na hakupiga magoti. Hakuwa nayo!
Miguu yake ilikuwa plastiki moja tu
toka kiunoni hadi kwenye buti.
Alijua kusimama, alijua kuanguka,
na alianguka pale tu tulipoitwa kula.

Waliokuja usiku ule, kwetu Ndosho,
hawakuwa na jino kifuani.
Mmoja alivaa kandambili,
mwingine jezi ya mpira, namba saba.
Walisema, habari za usiku, mama.
Mama akajibu, nzuri,
akiwa ameshapiga magoti.
Wakachukua redio, godoro,
bidoni mbili za mawese,
na Kasereka, wa kubeba.

Majivu alibaki uvunguni.
Mwaka mlima ulipofunguka
nyumba ilizama pamoja naye,
na leo kuna watu wamejenga juu yake,
wameanika nguo.

Huyu mpya, Bauma ananieleza, si wa watoto.
Kuna watu wazima wanaokusanya.
Dola kumi na nane.
Barakoa inavuka; ndani mna sura,
kovu dogo, macho ya mtu aliyekosa usingizi.
Buti zimepakwa tope, tope la kiwandani,
kavu vizuri kwenye visigino.
Vidole vinashika. Shingo inageuka ikutazame.
Lile jino wamelififisha, punje ya mtama,
ukitaka kuliona lazima usogee karibu,
na ukishasogea karibu, je?

Ni mzuri, sitadanganya.
Mkono wangu ulimtaka kabla yangu.
Nilisema kumi, akasema kumi na sita,
tukaachana kwenye kumi na nne,
nikatembea hadi nyumbani nimemkumbatia
kama mtu aliyebeba mayai,
nikipisha chukudu, nikiwapisha hata watoto.

Nimekata nyaya kwa meno.
Nimeazima rangi ya kucha ya mke wangu, nyeupe,
nikalikuza jino mpaka likajaa kifua.
Limetoka upande kidogo. Basi.

Kisha nikajaribu magoti.
Yanapinda.
Polepole, yakilia kidogo kama bawaba,
na Komanda akashuka, akatulia,
mbele ya kikombe changu cha chai,
barakoa yake kiganjani mwangu.
Sijui nilikaa hivyo muda gani.

Mama amepita na beseni la maharage.
Akasimama, akamtazama.
«Huyo naye anaomba nini?»
Hakungoja jibu.
Nimeyasikia maharage yakimwagwa sufuriani,
mengi mno kwa watu watatu.