Glasi ya Yule Bwana

Kule alinionyesha video. Bwana mmoja,
shati limepigwa pasi, glasi mezani,
vipande vya barafu vinaelea. Akasubiri. Vikayeyuka.
Maji hayakupanda hata unywele.
"Mnaona?" akasema. "Mmedanganywa."
Watu milioni mbili wamemwona. Na mdogo wangu.

Mimi napima mvua hapa Kilembe mwaka wa kumi na tisa.
Saa tatu kamili asubuhi, liwe jua, yawe matope,
nafungua kopo, nasoma, naandika kwa penseli:
wino hukimbia maji, penseli haina woga.
Hakuna aliyewahi kuishangilia milimita sita nukta mbili.

Nikamwambia Kule: yule bwana hakudanganya kuhusu glasi.
Uongo wake uko nje ya glasi.
Barafu yetu haielei. Imelala juu, mgongoni mwa Rwenzori,
na kila mwaka inajikunja zaidi ndani ya shuka
kama mgonjwa asiyetaka wageni waone alivyokonda.

Akacheka. "Dada Ithungu,
ungekuwa na ukweli, ungekuwa na watazamaji."

Jumamosi nikanunua barafu kwa muuza ngege,
donge la shilingi mia tano, lanuka magamba.
Nikajaza glasi hadi mdomoni,
nikaegemeza kigae juu yake, barafu juu ya kigae.
Tukakaa. Kuku akapita. Jirani akaja kuazima chumvi
akauliza tunamsubiri nani.
Tone. Tone.
Maji yakavimba ukingoni, yakajizuia, yakashindwa,
yakashuka kwenye kitambaa cha meza
na Kule akainyanyua simu yake upesi, isilowe.

Hakusema kitu kwa muda. Kisha:
"Kwa hiyo ni barafu iliyoibeba nyumba ya Mama Biira?"

Ningeweza kusema ndiyo.
Ndiyo inaenea ndani ya sekunde kumi, na nafasi inabaki.

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa mvua, ya usiku mmoja,
namba yake ninayo. Na kingo za Nyamwamba zilizochimbwa mchanga.
Na joto linalozidi kuyanenepesha mawingu.
Sababu zina ukoo, Kule, kama sisi.
Kaa nikutajie mmoja mmoja."

Video nyingine ilikuwa imeshaanza yenyewe.
Akavuta kigoda, akaketi.
Simu hakuizima.