Tabaka la Sita

Maabara ya Al Khodh haina dirisha.
Kiyoyozi kinanguruma usiku kucha
nami nimejikunyata ndani ya sweta la marehemu baba,
katika nchi ambayo nje, saa nne za usiku,
usukani wa gari bado unaunguza kiganja.

Kwenye kioo, Ibra imelala chali,
imepigwa picha kutoka juu kusikofika ndege.
Bonde, majabali, mapaa, barabara,
na mitende yote imekuwa myekundu,
kwa kuwa upo mwanga tusiouona
ambao jani hai huurudisha mbinguni,
nasi tumeupa rangi ya damu ili tuuone.

Kila mraba ni mita kumi kwa kumi.
Ndani ya mraba mmoja ingeenea
nyumba ya mama kule Hola, na jiko, na choo,
na deni la karo, ambalo setilaiti haioni.

Nimeifunza mashine matabaka matano:
mtende, jabali, mchanga, jengo, maji.
Ikanijibu, kwa usahihi wa tisini na moja kwa mia,
kwamba pale falaji ilipokauka
wekundu umeongezeka.
Dokta Ghaniya akaegemea kiti, akatabasamu,
naye tabasamu lake ni adimu kama wingu la Julai.
"Kijani kinarudi. Sura ya nne hiyo, Buya. Ifunge."

Sikuifunga.
Si kwa ushujaa. Fomu ilidai uhakiki wa ardhini:
pointi arobaini, viatu vizito, saini ya dereva.

Pointi ya kwanza, mtende. Ya pili, mtende,
ila umekatika kichwa,
umesimama kama mlingoti wa simu usio na waya.
Ya tisa, kifaa kikalia mkononi,
nikainua macho,
nikaujua kabla sijaukaribia.

Mathenge.

Mwiba wa kwetu, mwiba wa ukingo wa Tana,
ulioozesha meno ya mbuzi wa shangazi
hadi wakafa njaa, midomo imejaa.
Umesimama katikati ya mfereji mkavu,
mizizi umeishusha kuyafuata maji
yaliyowapotea kijiji kizima,
unanawiri, mwekundu kuliko wote katika picha yangu.

Rezaul, mtu wa Noakhali,
anayewatunzia mitende wenye nayo walioko Maskati,
akaligonga shina kwa ubapa wa panga.
Kwa Kiarabu chake na changu, vyote vya kuokota,
akasema: "Huu hausubiri zamu ya maji."
Akanionyesha kovu kwenye kiganja.
Nikapandisha suruali, nikamwonyesha la kwenye kifundo.
Tukacheka kama watu waliosoma shule moja.

Usiku mama akapiga.
"Hivi hasa unasomea nini huko?"
"Kuhisi kwa mbali, mama."
"Hilo nalo lina ada? Mimi nakuhisi kila siku."
Nikamwambia mathenge uko huku pia.
Akanyamaza, nikasikia kuni zikipasuka jikoni.
Kisha akauliza
kama watu wa petroli nao wana mbuzi.

Nimeongeza tabaka la sita.
Usahihi umeshuka hadi sabini na nne.
Fimbo ya mbali haiui nyoka,
na hii yangu ilimhesabu nyoka kuwa mazao.
Dokta amelisoma jedwali la makosa mara mbili,
kalamu mdomoni, bila tabasamu,
akaandika pembeni kwa risasi: *pointi zaidi*.

Nyekundu ilishachukuliwa na mitende.
Nimepekua rangi zilizobaki
nikaupa mathenge rangi ya makaa,
maana ndivyo kwetu tunavyoumaliza,
gunia kwa gunia, kando ya barabara ya Garissa.

Mwiba mmoja umevunjikia kwenye soli.
Kila nikienda kuchukua chai
kiatu cha kulia kinagonga vigae vya maabara,
ta, ta,
na wenzangu wanainua vichwa kutoka angani.